Msonobari wangu wa sindano tano unageuka njano kwa ndani, nimeshauua au bado upo?

Mzaramo_Ughaibuni (Oktoba)

Wakuu salaam. Naombeni msaada na mnivumilie maelezo ni marefu. Niko Maryland, mwezi wa tatu mwaka huu nilijichanganya nikanunua bonsai, yaani mti unaofugwa mdogo kwenye chungu, ya msonobari mweupe wa Kijapani, ule wa sindano tano, wenyewe wanauita goyomatsu. Dola 160. Waifu anajua ni 40, kwa hiyo mti huu ukifa sijui nitaanzia wapi kujieleza.

Kilichoniponza ni ule msonobari wa Yamaki uliopo Washington kwenye bustani ya miti ya taifa, kama hujauona fanya uende maana kuingia ni bure. Unatunzwa tangu 1625, ulikuwa wa familia ya Yamaki pale Hiroshima, bomu lilipodondoshwa Agosti 6, 1945 wao walikuwa kama kilomita 3 tu kutoka pale, vioo vya nyumba vikapasuka vikawachana ila bonsai zilikuwa zimekingwa na ukuta zikapona. 1976 mzee Masaru Yamaki akautoa zawadi Marekani ikitimiza miaka 200, ukiwa kati ya miti 53 iliyotoka Japani, na pale makumbusho habari ya bomu hawakuijua mpaka wajukuu zake walipokuja kuuona 2001. Sasa mimi nikasimama pale mbele yake nikajisemea mti uliovuka bomu la atomiki hautanishinda mimi mtoto wa Kisarawe.

Umenishinda. Mwezi wa sita niliangalia video ya fundi mmoja anakata ile mishumaa yote, vile vichipukizi virefu vya mwaka huo, anakata mpaka chini kabisa, anasema vitaota vingine vifupi na sindano zitakuwa fupi mti upendeze. Nikafanya hivohivo. Wikendi hiyohiyo nikaona na chungu chake kibaya nikaung'oa, nikaosha mizizi kwa mpira wa maji mpaka ikang'aa, nikaupandikiza kwenye chungu kizuri cha bluu na udongo wa maua wa gunia kutoka dukani.

Sasa hivi sindano za ndani zote zimekuwa njano, ukigusa zinadondoka, mti umebaki na vishada vya kijani kule kwenye ncha tu kama mkia wa simba. Namwagilia kila siku asubuhi. Waifu anasema ni baridi niuingize ndani niuweke pale karibu na TV. Nifanyeje wakuu?

Kiroboto255

Dola 160 kwa mti unaoingia kwenye bakuli la uji?? Mkuu kwa hela hiyo huku Mafinga unaletewa mirunda ya kutosha banda la kuku. Pole lakini, endelea kumwagilia, utapona au utakuwa kuni 😂

Mama Neema_Leeds

We Kiroboto acha mambo yako, mwenzio ana msiba.

Kaka kwanza kabisa USIUINGIZE NDANI. Mimi wangu wa kwanza niliupoteza hivohivo, niliuonea huruma Novemba nikauweka dirishani juu ya hita, mwezi wa pili ulikuwa bado wa kijani vizuri tu nikawa najisifu, kumbe ulishakufa siku nyingi. Misonobari ndo ilivyo, inakufa leo rangi inabadilika baada ya miezi miwili. Huu ni mti wa milimani kule Japani, winta ndo usingizi wake, ukiunyima usingizi unajimaliza. Uache nje.

Halafu kumwagilia kila siku mwezi wa kumi na udongo wa gunia, hapo ndo napaogopa zaidi kuliko hata mishumaa. Huku Leeds mvua haituachi, mizizi ikikaa kwenye tope inaoza na ikianza kuoza sindano zinafanya kama mti una kiu, na wewe unaongeza maji. Chomeka kijiti cha mshikaki kwenye udongo mpaka chini kabisa, kiache robo saa, ukichomoa kimelowa weusi basi usimwagilie siku hiyo, ukikuta kimekauka nusu ya juu ndo unamwagilia mpaka maji yatoke chini. Mimi vijiti vyangu vinakaa humo muda wote, wageni wanadhani nimepanda mishikaki.

Babu Waya

Nimesoma vizuri. Mimi nacheza na miti hii mwaka wa 14 sasa huku Oregon, na kosa lako nimeliona kwa watu wengi sana, sio wa kwanza kijana wangu.

Ile video ilikuwa ya msonobari mweusi. Nina uhakika kabisa. Msonobari mweusi wa Kijapani una sindano mbilimbili, ni mti wa pwani, una nguvu kama punda, ukikata mishumaa yake mwezi wa sita unachipua tena mwaka huohuo na inayokuja inakuwa mifupi, ndo maana mafundi wanafanya. Wako wa sindano tano unachipua MARA MOOJA kwa mwaka. Chukua kishada kimoja hesabu, zitatoka tano kwenye kifuko kimoja, go ni tano, yo ni jani, matsu ni msonobari, jina lenyewe limeshakwambia. Wewe umekata mavuno yote ya mwaka ukiwa unasubiri mavuno ya pili ambayo mti huu hauna.

Sasa hesabu nyingine, hii ndo itakutuliza moyo. Sindano za goyomatsu zinakaa kama miaka miwili mpaka mitatu halafu zinadondoka, na zinadondoka vuli, Septemba Oktoba, zile za ndani kabisa ndo zinaanza njano. Hiyo ni kawaida hata kwa mti mzima, mimi wangu zote sasa hivi ziko njano kwa ndani na ninazing'oa kwa kibano kabla hazijadondoka zenyewe. Ila mti mzima unadondosha za zamani huku una za mwaka jana na za mwaka huu. Wako za mwaka huu ulizikata mwezi wa sita. Kwa hiyo umebaki na za mwaka jana peke yake, ndo hiyo mikia ya simba unayoiona. Njano sio ugonjwa, upungufu ndo kazi ya mkasi wako.

Swali lenyewe ni moja, mti una macho ya mwakani, yaani vichipukizi vilivyolala vya mwaka ujao, au hauna? Vaa miwani, nenda nje mchana kwenye mwanga, shika tawi mojamoja. Pale ulipokata mshumaa, katikati ya sindano zilizobaki, tafuta kijicho cha kahawia kimechongoka, vingine vikubwa kama punje ya mchele vingine kama ulezi. Kiguse kwa ukucha taratibu, kikiwa kigumu kimeshika ni kizima, kikivunjika kama unga hakipo. Tawi lenye sindano lakini halina jicho hata moja lina nafasi ndogo sana, litaishi kwa akiba yake mpaka sindano zidondoke na hapo basi. Hesabu matawi mangapi yana macho uje unambie.

Kingine inamia pale shina linapotoka kwenye udongo. Kama gamba la chini ni nene limepasukapasuka jeusi na juu yake ghafla linakuwa laini la kijivu, basi mti wako umebebeshwa, juu mweupe chini mweusi, kama embe dodo tunavobebesha nyumbani. Hapo una bahati, mizizi ya mweusi ni migumu inavumilia ujinga mwingi. Kama gamba ni moja kuanzia chini mpaka juu basi umesimama kwenye mizizi yake mwenyewe na hiyo tope haitaki kabisa.

Usiubadilishe udongo tena sasa hivi hata kama unajua ni mbaya!! Narudia. Umeshaufanyia operesheni mbili kwa wikendi moja. Weka kipande cha mbao chini ya upande mmoja wa chungu kilale kidogo, maji yatatoka haraka yote yanakimbilia kona ya chini, ni ujanja wa zamani na unafanya kazi. Udongo utabadilisha mwaka kesho kutwa, mwezi wa tatu kabla mishumaa haijarefuka, na usioshe mizizi. Ukifungua udongo wa msonobari mzima unakuta kama utando mweupe unanuka uyoga, ule ni ukungu rafiki, unausaidia mti kunywa na kula, wewe uliuosha wote kwa mpira ukadhani ni uchafu. Unatoa udongo nusu tu, nusu unaiacha na mizizi yake.

Mzaramo_Ughaibuni

Shikamoo mzee Babu Waya, na dada Mama Neema asante sana. Nimetoka nje na miwani ya kusomea na tochi ya simu majirani wakawa wananiangalia. Mti una matawi 11. Macho nimeyaona kwenye 7, mengine mawili matatu kwa tawi, madogo kweli kama ulezi. Matawi manne hamna kitu, na lile la juu kabisa, kilele chenyewe, hamna.

Gamba: umebebeshwa. Mstari unaonekana kabisa kama mtu kavaa soksi.

Kijiti cha mshikaki kimetoka kama kimechovywa kwenye mchuzi 🤦🏾

Nimeshaweka mbao chini. Sasa winta huku inashuka mpaka nyuzi -10 siku nyingine, nje nje kabisa hivohivo? Na mbolea?

Babu Waya

Marahaba. 7 kati ya 11, umeponea chupuchupu.

Winta: matawi hayana shida na baridi hiyo, kinachoumia ni mizizi maana kwenye chungu imeachwa uchi pande zote, kule mlimani ingekuwa chini ya ardhi. Mimi ikikaribia -7 hivi navishusha vyungu chini kwenye udongo, nazungushia magome na majani makavu mpaka ukingoni, upande ambao upepo haupigi. Au gereji isiyo na hita, ila usisahau kumwagilia kidogo mara moja moja, watu wanaweka gereji wanasahau mpaka mwezi wa tatu. Upepo mkavu na chungu kilichoganda ndo unaua, mti unakauka huku umekalia barafu.

Mbolea: kidogo sana ya taratibu, ile ya vidonge vya mashudu, mpaka mwezi wa kumi na moja basi. Machipukizi yakianza usiweke mbolea kabisa mpaka sindano mpya zikomae, yaani mwezi wa saba wa nane. Ukilisha wakati mishumaa inarefuka utapata sindano ndefu kama zile za hospitali. Na mwakani mishumaa USIIGUSE. Mwaka mzima. Mkasi mpe waifu afiche. Mti mzima mwenye nguvu ndo tunapunguza mshumaa kwa vidole mwezi wa tano ukiwa bado laini, unavunja theluthi au nusu, na ule dhaifu hauguswi. Wako wote ni dhaifu.

Waya pia usifunge. Najua jina langu lakini usifunge. Misonobari inanenepa ghafla mwisho wa sama na vuli, mimi niliwahi kusahau waya kwenye tawi kwa miaka miwili, ile alama ya kuzunguka kama nyoka ipo mpaka leo na naigeuzia ukutani watu wakija.

BintiMafinga

Shikamooni wakubwa. Mimi nafanya kazi kitalu cha miche ya misonobari huku Mufindi, miche nayoiona kwa siku sihesabu 😅 ila hii yetu ni patula wa Meksiko, sindano tatutatu ndefu zinaning'inia kama nywele zilizosukwa vibaya. Nilijaribu kuweka mmoja kwenye chungu mwaka juzi, shina linanenepa vizuri lakini sindano hazikubali kuwa fupi hata uzifanye nini, mti wa sentimita 30 una sindano za sentimita 20 unafanana na ufagio. Naomba kuuliza goyomatsu unaweza kuishi huku? Baridi tunayo, mwezi wa saba asubuhi umande unaganda kabisa.

Babu Waya

Marahaba binti, swali zuri. Umande kuganda asubuhi na saa tano jua linawaka sio winta, ni asubuhi mbaya tu. Mti huu unataka wiki nyingi mfululizo za baridi na siku fupi ndo ulale, huko kwenu utachipua ovyo mwaka wa kwanza wa pili halafu utachoka. Mbegu ndo zenyewe zinataka kukaa kwenye friji zikiwa na unyevu miezi miwili mitatu ndo zikubali kuota. Na ukitaka kuagiza mche kuna kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, na cheti cha afya ya mimea kutoka unakotoka, usije ukabeba kwenye begi, magonjwa ya misonobari yakiingia na hayo mashamba mliyonayo hapo Sao Hill hiyo kesi huiwezi.

Ningekuwa Mafinga ningetafuta mwangati, ile juniper ya Afrika. Ni wa kwetu, gamba lake linachanika kwa urefu, majani madogo, mti kavu mti mbichi pamoja kwenye shina moja. Nina wivu na mtu mwenye mwangati nyuma ya nyumba halafu anaota ya Wajapani.

Kiroboto255

Kumbe mwangati unaweza kuuzwa dola 160? Naomba namba ya mnunuzi

Mama Neema_Leeds

Mzaramo usisahau kuangalia vidukari vyeupe, vile vinavyojifunika kama pamba pale sindano zinapoungana na kijiti, mti ukiwa dhaifu vinajua. Mimi navitoa kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni kidogo. Kazi ya kuchosha lakini naifanya nikisikiliza taarabu na Jumamosi inapita.

Mzaramo_Ughaibuni (Mei)

Wakuu nimerudi. Najua mlishanisahau.

Nilifanya kama mlivosema, chungu nilikizika nyuma ya nyumba kwenye magome, theluji ikakifunika kabisa mwezi wa kwanza nikawa naenda kukaa pale dirishani naangalia kile kinundu cheupe kama mtu aliyefiwa. Mwezi wa tatu nikakitoa, hamna chochote, kijani kilekile. Nikakumbuka maneno ya Mama Neema kwamba inakufa huku inacheka, sikulala.

Mwezi wa nne katikati nikaona kijicho kimoja kimevimba, kimekuwa kama kiberiti cha njano, kesho yake vitatu. Leo nimehesabu mishumaa 15 kwenye matawi 6, tawi la saba lilikubali kwanza halafu likaishiwa njiani. Mirefu kwa mifupi, mingine imeanza kupasuka unaona sindano ndani zimebanana kama miwavuli iliyofungwa, zina ule weupe kwa upande wa ndani ndo maana wanauita mweupe nilikuwa sijui. Sijagusa hata mmoja. Mkasi kweli waifu anao.

Ila kilele ndo kimekufa, tawi kavu kabisa limesimama juu pale kama antena. Nilikate?

Babu Waya

Hongera sana kijana wangu, 15 ni mingi kwa mti uliotoka ulikotoka. Usikate! Hata hivo kidonda kikubwa mwaka huu hakifai. Tawi kavu kwenye bonsai ni mali, unaliacha liishe utomvu, baadaye unalichubua gamba kwa koleo linabaki jeupe kama mfupa, linaonekana kama mti uliopigwa radi mlimani. Halafu tawi la pili kutoka juu, lile lenye mishumaa mingi, ukija kufunga waya mwaka kesho kutwa unalinyanyua taratibu linakuwa kilele kipya. Haya matawi yanapinda kama mpira, hutapata shida. Mti utakuwa mfupi zaidi na utaonekana mzee zaidi, watu wanalipa hela nyingi kupata hicho ulichokipata kwa makosa.

Sasa Wajapani tawi kavu kama hilo wanaliita jin, na gamba likichubuliwa kwenye shina kuteremka chini wanaita shari. Msicheke, ndo majina yake, sikuyatunga mimi.

Kiroboto255

Mti una jini juu na shari chini na mtu kaulipia 😂😂😂

Mzaramo_Ughaibuni

Mzee umeniua. Nimemsomea waifu kwa sauti tukiwa mezani, yule aliyekuwa anataka tuuweke karibu na TV, amesema mti wenye jini na shari hauvuki kizingiti cha mlango wake mpaka siku anaingia kaburini. Kwa hiyo suala la kuuingiza ndani limekwisha rasmi.

Tatizo amecheka sana mpaka kaniomba simu asome mwenyewe kuanzia juu, nimempa bila kufikiri, na bei iko palepale mwanzoni. Hapa naandika na kompyuta ya mtoto, yeye kanyamaza muda mrefu sasa.

Mama Neema_Leeds

Kaka toka nje kamwagilie mti. Taratibu.